Pua ya Kunusia Chupa

Siku maharage yalipoungua na Utambi asiseme neno, wifi yake alijua kuna jambo limeingia ndani ya ile nyumba.

Na hayakuungua kidogo. Yalishika chini ya sufuria, harufu ikatoka jikoni, ikakatiza sebuleni bila kubisha hodi, ikafika uani alikokaa Utambi na chupa zake, ikamzunguka kichwani kama mgeni anayetafuta pa kuketi. Yeye aliendelea kusokota kipande cha fulana kuukuu juu ya paja lake, ametulia kama mtu aliyelipwa kwa kutulia. Siku nyingine zote maharage yalikuwa hayajaungua bado, yanafikiria tu kuungua, na sauti ilishatoka uani: "Wifi, unapika au unachoma mkaa?" Safari hii, kimya. Wifi yake akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akilisubiri tusi lake kama mtu anayesubiri chenji. Halikuja. Akarudi jikoni mgongo umemsisimka.

Utambi lilikuwa jina la utani. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka, na kichwani kilemba chekundu mwaka mzima. Ukimwona anakuja toka mbali ulikuwa na haki ya kumtafutia kizibo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza taa za chupa. Alichagua chupa bapa na zile zenye kitako kizito, zisizoanguka kwa kupitiwa na paka. Alizitikisa kwa maji ya moto na mchanga mpaka zikang'aa, akazipindua kwenye ubao wake wa misumari zikauke. Alikata bati la kopo, akalizungushia msumari likawa kijibomba, akakipitisha kwenye kizibo na kupenyeza utambi wa pamba humo. Pembeni alitoboa kitundu cha kupumulia, kwa sababu taa nayo, kama yeye mwenyewe, haikupenda kubanwa. Mwisho aliifunga shingoni waya wa kushikia, akatia mafuta, akaiwasha yeye kwanza kabla haijaenda kwa mtu. Hilo aliliita kuiamsha. Mtaa ule ulikuwa na umeme, ndiyo, lakini umeme wenyewe ulikuwa wa kuja na kuondoka kama mtoto wa kufikia, na kila nyumba ilikuwa na taa ya Utambi dirishani.

Kuanza kwake kulikuwa bahati ya giza. Zamani alikuwa mfagiaji katika ukumbi wa sherehe. Jioni moja umeme ukakatika katikati ya harusi, jenereta likakohoa likanyamaza, na bwana harusi, kwa kupapasa, akawa amemshika mkono shangazi wa bibi harusi na hataki kumwachia. Utambi akakusanya chupa tupu zenye vizibo vya kuzungusha, akavitoboa kwa uma wa keki, akachana kitambaa cha meza kuwa tambi, akamimina mafuta ya taa ya majiko ya jikoni. Kila meza ikapata taa yake. Watu wakaonekana wazuri kuliko walivyokuja. Meneja alimfokea juu ya kile kitambaa, lakini wageni walimfuata mlangoni kuuliza taa zile zinauzwa wapi, na ufagio hakuushika tena.

Mume aliwahi kuwa naye. Alitoka siku moja umeme umekatika, akasema anakwenda kununua betri za tochi, na mpaka leo hajazipata. Utambi alimsubiri kiasi cha heshima, kisha akahamia kwa kaka yake, kinyozi, akiwa na sanduku moja na gunia la chupa. Mke wa kaka yake alilitazama lile gunia mlangoni, akauliza wageni wote hao watalala wapi. Utambi akamjibu kwamba hawana shida, watalala uani, ila wao wamezoea chakula kisichoungua. Wakaelewana siku hiyo hiyo. Yaani kila mmoja alielewa kwamba amepata mtu wa kushindana naye.

Sasa, kazi ya taa za chupa, mikono ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni pua. Chupa tupu haikwambii ilibeba nini. Inaweza kuwa ilibeba sharubati, inaweza kuwa ilibeba petroli. Na mafuta ya taa yenyewe yana wauzaji wanaoyachanganya bila kumwogopa mtu wala Mungu. Ukikosea, taa haiwaki, inalipuka, na inalipuka usoni mwa mtu aliyekuamini. Ndiyo maana kila asubuhi kabla ya chai, ulimi haujaguswa na sukari, Utambi alikaa kwenye kigoda chake akazipitia chupa moja moja. Hii dawa ya kikohozi. Hii siki. Hii mwenyewe alisema ni ya maji ya matunda, basi matunda yake yalikuwa yamelewa. Majirani wengine walianza kumletea chupa kwa kuwatuma watoto, wasiulizwe.

Pua ile ilimpa kiburi, na kiburi kikampa maneno. Kuna wakati alijitokeza mtengenezaji mwingine mtaani, taa zake za haraka haraka, na Utambi akasimama mbele ya watu akamwambia kwamba asiyenusa asitengeneze taa. Yeye ni sawa na anayepika amefumba macho, ila huyu hataunguza maharage, ataunguza nyumba ya mtu. Watu walicheka, wakakubali, na yule bwana akahamia kwenye biashara ya kandambili. Tangu siku hiyo maneno yale yakawa sheria ya mtaa: taa isiyopita kwenye pua haiingii ndani.

Basi yakaja mafua. Yalikuja wakati wa baridi kama mafua ya watu wote, yakamlaza, yakamkohoza, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia. Pua yenyewe yaliiacha usoni, nadhani kwa ajili ya sura. Mwanzoni Utambi alidhani ni kuziba kwa kawaida. Akanusa sabuni. Akakata kitunguu: machozi yalikuja, harufu haikuja. Akajipa moyo. Mwisho akavifuata viatu vya kaka yake. Kaka yake husimama kutwa akinyoa vichwa vya watu, na viatu vyake vina sifa mpaka barabara kuu. Utambi akakiinua kimoja, akazamisha pua, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyepanda mlimani. Hewa safi kabisa. Hapo ndipo alipojua pua imekwenda.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na sheria ameitunga mwenyewe? Akisema, ni lazima aache. Na akiacha anabaki nani? Alijiona waziwazi: mwanamke aliyesubiri betri, anayeishi kwa kaka yake, amekaa kwenye kona ya jiko la wifi yake anachambua mboga, anaambiwa "asante, umejitahidi" kwa sauti ile wanayosemeshwa wagonjwa. Matusi ya wifi angeyaweza mpaka siku ya kufa. Ile asante ndiyo ingemuua.

Kwa hiyo akaanza ujanja. Akachukua chupa za nyumba anazozijua tu. Akanunua mafuta kwa muuzaji mmoja anayemwamini, na hata hayo akayadondosha kwenye karatasi aone kama yanakauka upesi kama petroli. Waliokuja na chupa za ajabu aliwaambia vijibomba vimekwisha. Na asubuhi aliendelea kukaa kwenye kigoda, akiinua chupa moja baada ya nyingine, akizinusa kwa sura ya kitaalamu, bila kupata kitu.

Kumbe ndani ya nyumba upande wa pili mambo yalikuwa yanachemka. Wifi yake, baada ya yale maharage, alimsubiri mume wake arudi kutoka kazini, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Dada yako anaumwa."

"Amesema?"

"Hajasema chochote. Ndiyo maana najua anaumwa."

Kinyozi akasema amshukuru Mungu kwa utulivu aliopata, akaendelea kula. Mke wake akamweleza kwamba yale maharage yaliyoungua Utambi ameyala, tena ameomba mengine. Kinyozi akaweka kijiko chini.

"Aliomba mengine?"

"Kwa mdomo wake."

Wakatazamana. Kuanzia hapo wifi akaanza kumtendea wema. Akamwekea mnofu mkubwa. Akamletea mto wa kuegemea uani. Akamuuliza kama amelala vizuri. Utambi, aliyezoea kuulizwa kama chupa zake zimelala vizuri, aliingiwa na baridi: amejua, na sasa ananihurumia. Naye akazidisha heshima ili kujificha. Akasifia chumvi. Akasema asante mara mbili kwa kitu kimoja. Nyumba ikajaa adabu mpaka hapakaliki, na kinyozi, aliyezoea kula huku wanawake wawili wakirushiana maneno juu ya kichwa chake, akaanza kuchelewa kurudi.

Katikati ya adabu hiyo, Utambi aliamua kumtengenezea wifi yake taa ya jikoni. Hakuwahi kumpa. Miaka yote alisema wifi hahitaji taa, anapika kwa kubahatisha hata mchana. Lakini ile minofu ilikuwa imemwingia rohoni. Akachagua chupa nzuri kuliko zote, ya kijani, yenye kitako kama jiwe, aliyoiweka akiba tangu siku nyingi. Akaisugua, akaikausha, akaisokotea utambi mnene. Ilibaki mafuta.

Ndipo akaingia fundi rangi, jirani wa nyuma ya ukuta. Huyu alikuwa na desturi ya kumletea Utambi vitu vya kazini, na Utambi alikuwa na desturi ya kumfukuza navyo. Pua ya fundi rangi ilikufa zamani kwa rangi na thina ya kuyeyushia; kila mtu alilijua hilo, naye hakulificha. Angeleta chupa, Utambi angeinusa yule akiwa bado hatua kadhaa mbali, angemwambia apeleke bomu lake kwao, naye angeondoka anacheka. Nadhani alikuwa anakuja kwa ajili hiyo hasa. Mara hii alileta chupa imejaa. Mafuta ya taa, alisema, yamebaki kazini kwenye kuoshea brashi za rangi, bado safi, ameona asiyamwage.

Akasimama kusubiri. Utambi akaona anatazamwa. Akaifungua ile chupa, akaipeleka puani, akavuta, akafumba macho kidogo kama anavyofanya siku zote.

"Safi," akasema. "Asante sana, Mungu akubariki."

Fundi rangi alishukuru, akaondoka, akafika mlangoni akageuka kumtazama tena kama mtu aliyepewa mkono na simba. Utambi naye, kwa jinsi alivyolisema lile "safi" kwa uhakika, akawa amejishawishi mwenyewe. Karatasi ya kudondoshea ilikuwa pale pale karibu na goti lake. Hakuigusa. Miaka mingi alikuwa akisema neno hilo na kila mara lilikuwa kweli, na mwili una mazoea yake. Akaijaza ile taa ya kijani, akaacha utambi unywe, akafunga kizibo, akachukua kiberiti.

Wifi yake alikuwa kwenye kamba, anaanika mashuka. Alikuwa ameyaona yote: amemwona fundi rangi akibarikiwa, na hilo peke yake lilitosha kumfanya aweke beseni chini. Kisha upepo ukageuka. Harufu ikaja, kali, ya kuchoma macho, ile ya mlango uliopakwa rangi asubuhi. Wifi akapita chini ya shuka bila kulisogeza, likamfuata begani.

"Wifi, weka kiberiti chini."

"Nimeshainusa."

"Umeinusa kwa kutumia nini?"

Utambi akashusha mkono. Mkono wake ulikuwa na njiti, njiti haijakwanguliwa. Wifi yake akakichukua kiberiti polepole kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akakitia kifuani mwake. Akaibeba ile taa kwa ncha za vidole mpaka mwisho wa ua, akaimwaga mchangani, akarudi, akaketi chini kwenye simenti na shuka lake begani.

"Tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Na mimi nimekaa hapa nakulisha minofu, nikijua unakufa."

"Nami nimeila," Utambi akasema, "nikijua umeshajua unanionea huruma."

Wifi alitaka kucheka, ikashindikana, maana alikuwa bado anasikia ule ukali kooni, na alikuwa ameuona uso wa mwenzake ulivyokuwa karibu na utambi. Utambi akamwambia ile taa ilikuwa ya nani. Hilo nalo likakaa kati yao. Kisha Utambi akainuka, akaanza kuchomoa chupa kwenye misumari, moja moja, na kuzirudisha kwenye gunia. Alisema hana la kujitetea. Alisema mwenyewe mbele ya watu, na aliyemwambia aliacha kazi akauza kandambili. Wifi yake hakumpa pole wala hakumshika mkono. Aliliangalia lile gunia likijaa, akachukua beseni lake, akaingia ndani. Utambi akaliona hilo, akafikiri: basi ndivyo.

Asubuhi yake alitoka kwenda uani kabla ya chai, kama alivyozoea, kwenda kumalizia gunia. Akakuta kigoda chake kina mtu. Wifi yake alikuwa amekaa miguu imetanuka, gunia limefunguliwa, chupa puani, uso umekunjamana kama anayepimwa malaria.

"Huu ni uchafu gani unauweka nyumbani kwangu?" akasema bila kugeuka. "Hii ilikuwa na dawa ya kikohozi, na hukuiosha vizuri. Hii siki. Hii hata usiniulize, mtupie mwenyewe kule kwao."

Utambi alisimama. Kwa miaka yote aliyoishi pale alikuwa akitangaza kwamba pua ya wifi yake ni ya kuning'inizia kipini tu. Hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Akaenda kona ya ua, akachagua chupa ndogo aliyoiosha yeye mwenyewe kwa maji ya moto na mchanga na kuirudia, akampa bila neno. Wifi akainusa. Akainusa tena.

"Manukato. Ya bei rahisi. Yale mume wangu anayowapaka watu shingoni akimaliza kuwanyoa."

Utambi akaketi kwenye simenti, pale pale alipokaa mwenzake jana.

"Kumbe una pua."

"Ninayo siku zote."

"Na maharage?"

"Nilikuwa nasikia yanavyoungua."

"Sasa mbona ulikuwa huinuki?"

Wifi akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Nilikuwa nimekaa," akasema, akanyoosha mkono kupokea chupa nyingine.

Hawakuliita jina lolote. Hakuna aliyesema kusaidiana. Kwa mtazamo wa wifi yeye alikuwa anakagua uchafu unaoingia kwenye ua wake, na kwa mtazamo wa Utambi yeye alikuwa anamvumilia mtu mdadisi. Lakini kila asubuhi kabla ya chai kigoda kilikuwa na wifi na simenti ilikuwa na Utambi, na hakuna chupa iliyopanda kwenye misumari bila kulaaniwa kwanza. Mtaani walipouliza, Utambi alijibu kwamba taa zake bado zinapita kwenye pua, tena siku hizi pua yenyewe ina kipini. Matusi yakarudi yakiwa yamenenepa. Kinyozi akaanza kurudi mapema. Fundi rangi alikuja na chupa yake, akafukuzwa na sauti mbili kwa mpigo, akaenda zake anang'aa kwa furaha. Na jikoni kwa wifi ikawekwa taa ya kijani, ile ile chupa, ilioshwa mpaka mwenye pua akaridhika, ikaamshwa na mikono miwili iliyoshika njiti moja kwa sababu hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Harufu zilirudi kidogo kidogo, kama wakimbizi. Kwanza sabuni, siku moja, ikapotea tena. Kisha moshi wa utambi. Utambi hakuwa na hakika, kwa hiyo hakusema. Kila wifi yake alipoingia ndani, alizichukua zile chupa zilizokwisha kaguliwa akazinusa upya, moja moja, kwa sababu kazi ni kazi. Hakumkamata na kosa hata moja, jambo lililomuudhi kidogo.

Kisha ikaja asubuhi ambayo wifi alichelewa kwenye kigoda, gunia lilikuwa kubwa, na jikoni sufuria lilikuwa motoni. Utambi alikuwa anasokota fulana juu ya paja. Harufu ikatoka jikoni, ikapita sebuleni, ikafika uani, ikamzunguka kichwa, na safari hii ikaingia. Maharage. Yanashika chini. Yote aliyasikia, mpaka chumvi. Moyo ulimruka, mdomo ukafunguka wenyewe, sentensi ilikuwa tayari ulimini, ile ya mkaa, imepumzika miezi na imepata nguvu.

Akamtazama wifi yake. Alikuwa ameinamia chupa, kipini kinagonga kioo, shavuni ana masizi, ananung'unika peke yake juu ya watu wasioosha chupa zao. Angeisema ile sentensi, wifi angeinuka. Angejua pua imerudi, angesema haya bwana, shika kigoda chako, na angeingia jikoni kwake, akabaki huko.

Utambi akafunga mdomo. Akaendelea kusokota. Wifi naye, ambaye pua yake haikuwa na shida yoyote, alikuwa amekaa.

Mchana kinyozi alirudi kula. Aliweka kijiko cha kwanza mdomoni, akatafuna polepole, akamtazama mke wake, akamtazama dada yake, akauliza kwa upole kama wote wawili walikuwa nyumbani asubuhi na hakuna aliyesikia harufu.

"Harufu gani?" wakasema kwa pamoja, na Utambi akasogeza sahani yake aongezewe.